Uamuzi Kwanza, Simu Baadaye: Namna Meneja wa Ghala la Samaki Malindi Anavyoweza Kuchuja Taarifa

Kabla jua halijapanda Malindi, simu ya meneja wa ghala la samaki huwa imeshajaa. Nahodha ametuma sauti akiwa bado baharini. Mpishi wa hoteli anataka kamba kilo kumi na tano. Dalali wa Mombasa anasema bei ya changu imeporomoka. Kuna tahadhari ya upepo iliyopitia makundi sita, meseji za M-Pesa, na salamu za asubuhi za watu arobaini. Vyote hivi vinapangwa kwa kanuni moja tu: kilichoingia mwisho ndicho kinachokaa juu. Simu haijui kwamba baada ya saa moja mashua nne zitateremsha, na meneja atatakiwa aseme ananunua kilo ngapi, kwa bei gani, na anazilaza kwenye barafu ya kiasi gani.

Herbert Simon, Mmarekani aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 1978, alilieleza tatizo hili mwaka 1971, kabla simu janja hazijafikiriwa. Alisema taarifa hula umakini wa anayezipokea, kwa hiyo taarifa zikijaa, kinachoadimika ni umakini. Meneja mwenye simu tatu hana umakini mara tatu. Ana uleule wa mtu mmoja, umegawanywa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ghala dogo, la wafanyakazi watano hadi kumi na wawili, linalonunua kwa wavuvi na kuuza kwa hoteli, kwa mama karanga (wanawake wanaokaanga na kuuza samaki) na kwa wanunuzi wa Mombasa. Anayesimamia nyumba ya wageni Watamu au duka la jumla mjini atabadilisha mifano, utaratibu ni uleule.

Orodhesha maamuzi, si taarifa

Wengi wakitaka kuingia dijitali hununua programu kwanza, kisha hujaza kila kinachojazika. Miezi miwili baadaye jedwali lina safu thelathini na hakuna anayelifungua. Russell Ackoff, mtaalamu wa sayansi ya usimamizi, alionya tangu mwaka 1967 kwamba mameneja hawasumbuliwi sana na uhaba wa taarifa wanazozihitaji kama wanavyosumbuliwa na wingi wa zisizowahusu. Kwa hiyo anzia upande wa pili.

Kwa siku saba, tembea na daftari dogo. Kila unapoamua jambo linalogusa pesa, andika mstari mmoja wenye mambo manne: umeamua nini, mwisho wa kuamua ulikuwa saa ngapi, ukikosea unapoteza shilingi ngapi, na je, kesho unaweza kutengua? Usiandike sababu wala maelezo, utachoka siku ya pili.

Wiki ikiisha utagundua kwamba maamuzi yako si mengi kama ulivyodhani. Katika ghala la samaki, ya kila siku ni matatu: kununua kilo ngapi na kwa bei gani, kuagiza barafu kiasi gani ya kesho, na nani apewe samaki kwa deni. Ya kila wiki ni mawili au matatu, kubwa likiwa kama gari liende Mombasa, karibu kilomita 120, au mzigo uuzwe hapahapa. Ya msimu ni machache lakini ndiyo mazito: nani apewe advansi ya nyavu au injini kabla ya kaskazi (upepo wa msimu wa samaki), na kama ni wakati wa kununua friza nyingine.

Sasa, mbele ya kila uamuzi, andika taarifa zisizozidi tano zinazoweza kukubadilisha. Kipimo ni hiki: ikiwa taarifa hiyo ikija juu au ikija chini utafanya lilelile, haina kazi katika uamuzi huo, hata kama inavutia. Uamuzi wa barafu unahitaji makadirio ya samaki wa kesho, barafu iliyobaki sandukuni, oda zilizothibitishwa na urefu wa safari. Bei ya leo ya Mombasa haimo. Itaingia kwenye uamuzi wa gari, na huko ina uzito sana.

Karatasi hiyo ibandike ukutani pembeni ya mizani. Kila kitakachojazwa kwenye simu au kompyuta kitatoka humo.

Nani ameona, lini, na anafaidi nini

Bei ya dalali na kilo za nahodha huingia kwenye simu kwa sura ileile na herufi zilezile. Ndiyo maana watu huzipa imani sawa, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kila taarifa yenye nambari ipe daraja kabla ya kuitumia.

Daraja la kwanza ni iliyopimwa na mtu aliyekuwapo, kwa kifaa, na saa inajulikana. Daraja la pili ni iliyosemwa na aliyeona lakini hakupima: nahodha anayekadiria kilo kwa kuangalia ndani ya mashua. La tatu ni ya kusikia. Ya daraja la tatu haibadilishi uamuzi, inakutuma tu ukatafute ya kwanza au ya pili. Ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili umeshasambazwa mara nyingi, na aliyekutumia hajui chanzo chake kama wewe usivyokijua.

Nahodha naye hakosei ovyo. Ukilinganisha makadirio yake kumi na uzito wa mizani, utaona huelekea upande mmoja. Anayesema 100 na mizani ikasema 80, na kesho 60 ikawa 48, ana kipimo chake: zidisha kwa 0.8. Mtu wa namna hiyo ni chanzo kizuri kuliko anayepatia leo na kukosea kesho pande zote mbili.

Swali la faida ni gumu kwa sababu ya heshima, lakini liulize moyoni kila mara. Anayetaka kununua kwako ndiye anayekwambia bei imeshuka. Anayetaka kukuuzia ndiye anayesema samaki wameadimika. Si lazima awe mwongo. Anachagua tu lipi akwambie. Bei ya Mombasa itafute kwa watu wawili wasiokuwa na biashara na wewe siku hiyo, tena wasiopeana habari wao kwa wao. Watu watatu walioisoma kwenye kundi moja ni shahidi mmoja.

Uliza pia bei hiyo ni ya samaki wa hali gani. Kilo ya samaki mzima, kilo ya aliyetumbuliwa na kilo ya minofu ni vitu vitatu tofauti, na katika samaki wengi minofu haifiki hata nusu ya uzito wa mzima. Bei ya minofu ikidhaniwa ni ya samaki mzima, utanunua kwa hasara huku ukifurahi.

Halafu kuna saa. Mfanyakazi akiandika "lori saa nne", mpishi wa Kiitaliano akasoma 4:00, mzigo utamkuta hayupo. Kwa mazungumzo ya Kiswahili tumia saa yetu na uongeze asubuhi, mchana au usiku. Kwenye jedwali na kwa wateja wageni tumia saa ya tarakimu nne, 10:00 au 16:00. Usichanganye katika safu moja.

Jedwali moja

Lahajedwali (programu ya majedwali ya hesabu) ya bure kwenye simu inatosha. Iwekwe ifanye kazi hata bila mtandao, maana ufuoni mtandao huja na kwenda. Safu ni tisa: tarehe, saa, chombo, aina ya samaki, hali yake (mzima, ametumbuliwa, minofu), kilo, bei kwa kilo, njia ya malipo, aliyepima. Mstari mmoja ni aina moja ya samaki kutoka chombo kimoja. Mashua ikileta nguru, kolekole na tafi, ni mistari mitatu. Wajazaji hupenda kuandika "mchanganyiko kilo 90" kwa sababu ni haraka, na mstari huo hautakufaa kwa lolote, kwani nguru na tafi hawana bei moja wala mteja mmoja.

Mambo yanayoharibu jedwali ni madogo na yanajulikana. Mtu akiandika "12kg" badala ya 12, kompyuta inaona neno, si nambari, na inaliruka katika jumla bila kukuonya. Majina yakiandikwa kolekole, kole kole na kolekoli, utapata samaki watatu. Weka orodha ya kuchagua ili asiandike kwa mkono. Tarehe 5/4 inaweza kuwa Aprili 5 au Mei 4 kutegemea nchi iliyowekwa kwenye mipangilio. Chagua Kenya au Uingereza, si Marekani. Nukta ya desimali ikipotea, 64.0 inakuwa 640. Weka kanuni ya kukagua: kilo zikizidi 300 kwa mstari mmoja, kisanduku kiwe chekundu na aliyejaza aulizwe siku hiyohiyo, bado anakumbuka.

Mizani ipimwe kila asubuhi. Kama huna jiwe la uzito uliothibitishwa, pima dumu tupu, jaza lita tano kamili za maji, pima tena: tofauti iwe kilo tano. Chumvi huishika mizani ya springi taratibu, na mizani inayoongopa gramu 200 kwa kila kilo kumi inaharibu kila hesabu itakayofuata, hata ungekuwa na programu ya gharama gani.

Malipo yaoanishwe kila jioni, si mwisho wa mwezi. Jumla ya mauzo ya M-Pesa uliyoandika ilingane na taarifa ya tili (namba ya biashara ya M-Pesa) ya siku hiyo. Picha ya ujumbe wa malipo aliyokutumia mteja si malipo, na hata meseji iliyoingia kwako inaweza kuwa ya kughushi. Fungua rekodi ya tili yenyewe ndipo samaki watoke. Zisipolingana, mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu: malipo ya leo ni ya mzigo wa jana, mteja amelipia mizigo miwili kwa mkupuo, au mtu ametuma kwenye namba ya simu ya mfanyakazi badala ya tili. Hii ya tatu ikatwe mara moja, kwa upole lakini bila kuchelewa.

Jedwali lenye namba za simu na vitambulisho vya wavuvi halitupwi kwenye kundi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu hata mwenye ghala dogo. Majina na namba yakae kwenye faili lake, na kwenye jedwali la kila siku tumia jina la chombo.

Barafu ya kesho

Hapa tutakaa kidogo, maana uamuzi huu hufanywa kila siku, na karibu kila mahali hufanywa kwa mazoea.

Katika joto letu kanuni ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kumpoza samaki kutoka digrii 30 hadi sifuri kunakula karibu theluthi ya kilo ya barafu. Nyingine inapambana na joto linalopenya sandukuni na linaloingia kila kifuniko kinapofunguliwa. Kwa jodari na vibua usipunguze hata kidogo: wakiachwa kwenye joto hutengeneza histamini, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa wala kukaangwa.

Sasa, barafu ya samaki wangapi? Chukua mfano wa mapokezi ya siku saba: 180, 210, 195, 640, 170, 205 na 190. Wastani ni karibu kilo 256. Lakini siku sita kati ya saba hazikuvuka 210. Wastani umevutwa na siku moja. Panga nambari kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati: 195. Hiyo ndiyo siku ya kawaida.

Usiagize 195 bado. Nambari ya katikati inakwambia nusu ya siku utapungukiwa, na kupungukiwa hakugharimu sawa na kuzidisha. Tuseme, kwa mfano, barafu ni shilingi 15 kwa kilo. Samaki umemnunua 350, na akikosa barafu itabidi umuuze palepale kwa mama karanga kwa 200. Kilo moja ya barafu iliyozidi imekugharimu 15. Kilo moja iliyopungua imekugharimu 150. Gawanya 150 kwa jumla ya 150 na 15: unapata 0.91. Maana yake ni kwamba barafu yako inapaswa kutosha karibu siku tisa kati ya kumi.

Kwa vitendo: chukua siku 30 zinazofanana na kesho, panga mapokezi yake kutoka dogo hadi kubwa, hesabu hadi ya 27. Ikiwa ya 27 ni kilo 310, panga barafu ya 310, kisha toa iliyobaki sandukuni. Barafu ikipanda hadi 40, 150 gawanya kwa 190 ni 0.79, unashuka hadi siku ya 24. Lahajedwali inafanya haya kwa fomula moja (PERCENTILE), lakini fanya kwa mkono mara mbili tatu kwanza ili ujue inachosema.

Na ile 640? Usiifute. Muulize aliyepima. Kama nukta ilipotea, rekebisha. Kama ni mashua iliyokutana na kundi la vibua, iache: siku kama hiyo itarudi, na unachohitaji ni namba ya mtu wa pili mwenye barafu, si kununua kilo 640 kila siku ukiisubiri.

Siku zinazofanana ni zipi

Nimetaja siku zinazofanana na kesho. Hapa ndipo programu za kutoka nje hukosea Malindi, kwa sababu hulinganisha Jumanne na Jumanne, au Julai na Julai. Bahari yetu inafuata kalenda tatu kwa pamoja.

Ya kwanza ni pepo. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huchafua bahari na vyombo vidogo havitoki nje ya miamba. Maleleji ya Oktoba na Novemba hutuliza maji. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndio msimu wa samaki na pia wa wageni. Ya pili ni mwezi: bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa wingi, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na maji yakikauka sana ndipo pweza hupatikana miambani. Ya tatu ni ya Hijria. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mauzo ya mchana ya Ramadhani yakilinganishwa na mwezi uleule wa mwaka uliopita, utadhani biashara imekufa. Linganisha Ramadhani na Ramadhani.

Ongeza safu tatu kwenye jedwali: upepo, siku ya mwezi mwandamo, na siku maalumu. Kipindi cha mvua andika pia kama maji ya Mto Sabaki yamefika ufuoni yakiwa mekundu. Miezi kumi na miwili ya safu hizi ina thamani kuliko programu yoyote ya kununua, kwa sababu hakuna mwingine mwenye hesabu ya ufuo wako.

Na zitofautishe taarifa kwa uhakika wake. Jedwali la maji kujaa na kupwa linajua mwaka mzima mbele. Lipangie kazi bila wasiwasi, ukikumbuka saa husogea karibu dakika hamsini kila siku. Utabiri wa upepo ni wa siku chache tu. Tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inapotaja upepo unaozidi noti 25, karibu kilomita 46 kwa saa, soma tarehe ya kuanza na kuisha kwenye tangazo lenyewe, si kwenye kipande kilichokatwa na kusambazwa wiki iliyopita.

Kundi la ripoti na kundi la mazungumzo

Tenganisha makundi mawili. La ripoti lina watu wachache, na ndani yake hakuna kinachoandikwa isipokuwa ripoti. La mazungumzo ni la salamu, dua, picha na habari za mitaani. Salamu zina haki yake kwetu na hakuna anayezikataza, lakini "Waaleikum salaam" thelathini zikifuatana zinaizika nambari moja iliyokuwa na maana. Waeleze wazee sababu ana kwa ana kabla ya kufungua kundi, wasije wakaona wametengwa.

Ripoti iwe na umbo moja: chombo, samaki, kilo, hali, saa ya kufika. Mfano: "Mashua ya bluu. Kolekole 40, changu 25, makadirio. Wazima, barafu ipo. Tunafika saa mbili asubuhi." Neno "makadirio" au "mizani" ni lazima, ndilo linalokupa daraja. Sauti ni nzuri kwa kueleza injini imeharibika vipi. Kwa nambari ni mbaya, hakuna anayerudi kuitafuta dakika ya pili ya sauti ya juzi. Kwenye kundi hili, zima kipengele cha ujumbe kujifuta wenyewe, na ukumbuke kwamba ujumbe unaweza kubadilishwa ndani ya dakika 15 baada ya kutumwa. Nambari ya kuamulia ihamishwe kwenye jedwali, kundi si ghala la kumbukumbu.

Jambo lisiloweza kusubiri saa moja ni la kupiga simu. Likishaeleweka hivyo kwa wote, unaweza kufungua ujumbe kwa nyakati tatu tu, kwa mfano saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, bila hofu ya kupitwa. Wiki ya kwanza mkono utaifuata simu wenyewe. Iweke droo ya mbali na mizani.

Na teremka ufuoni. Picha haikuonyeshi harufu. Jicho la samaki mbichi limetuna na kung'aa, matamvua ni mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Dakika kumi kando ya mashua zitakupa pia yasiyotumwa kwenye kundi: nani amegombana na nani, nani anafikiria kuhamia kwa tajiri (mnunuzi) mwingine, injini ya nani inakohoa.

Kuamua

Kwa maamuzi ya kila siku, weka kanuni kabla ya siku yenyewe, ukiwa umetulia. Bei ya juu kabisa ya kununulia kolekole wiki hii iandike Jumamosi jioni. Ikivukwa, hununui, hata mashua ikiwa mbele yako na mnunuzi mwenzako ameshatoa pesa. Deni la hoteli likizidi siku 21, mzigo unaofuata ni wa taslimu. Anayebishana anabishana na kanuni, si na wewe, na hilo linalinda urafiki.

Usitafute lililo bora kabisa. Simon aliita njia ya watu wenye muda mfupi kuwa ni kutafuta kinachotosha: weka kiwango, na la kwanza linalokifikia lichukue. Kusubiri mnunuzi wa shilingi kumi zaidi huku barafu inayeyuka ni hasara iliyovaa nguo ya busara.

Yasiyotenguka yafanye polepole. Advansi ya injini, friza, gari: haya yasubiri angalau usiku mmoja, na yawe kwenye karatasi. Tumia njia aliyoieleza mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007. Waambie watu wako: tuseme mwaka umepita na jambo hili limeharibika vibaya, kila mmoja aandike sababu tatu. Waandike kimya, dakika tano, kabla ya yeyote kusema. Hili la kuandika kwanza lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu mzee akishatoa kauli, kijana aliyeona tatizo atanyamaza kwa adabu, na mara nyingi kijana huyo ndiye anayeshinda kwenye friza. Kusanya karatasi, zisome mwenyewe, usitaje ya nani.

Akili mnemba (AI) ina nafasi, ndogo na ya wazi. Inaandika fomula vizuri, inapata mistari iliyojirudia, inafupisha barua ndefu ya mteja. Iulize bei ya changu ya leo au saa ya maji kupwa kesho na inaweza kukujibu kwa kujiamini kitu kisichokuwepo. Fomula iliyokupa ijaribu kwa mistari kumi uliyoipiga hesabu kwa mkono. Majina yetu ya samaki inayachanganya pia, kwa hiyo orodha ya aina iwe yako. Vitambulisho na madeni ya watu usiiwekee.

Mwisho, andika ulichotarajia. Kwa uamuzi mmoja tu kwa siku, mkubwa kuliko wenzake, weka mstari: nimeamua hivi, natarajia hivi, nina uhakika kiasi gani kati ya kumi. Zikifika thelathini, kaa nazo. Uliyoyaandika 9 kati ya 10, je, tisa kati ya kumi yalitokea? Kama ni sita tu, unajiamini kupita taarifa ulizonazo, na kiasi cha kuzidi unakijua sasa. Usihukumu kwa matokeo peke yake. Uliyemnyima deni kwa kanuni akalipa kwa mwingine vizuri, kanuni haijakosea kwa hilo. Uliyempa kwa huruma akalipa, huruma haijathibitishwa kuwa salama.

Jedwali lipakue kila Ijumaa baada ya sala na ulichapishe kila mwisho wa mwezi, kurasa chache tu, likae kwenye faili la karatasi mbali na maji. Simu za ghala la samaki huanguka ndani ya barafu, na mfanyakazi anayejua neno la siri naye huweza kusafiri. Neno hilo liwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mtu wa pili, na mtu huyo awe ameshajaza jedwali na kuagiza barafu peke yake angalau siku tatu, wewe ukiwapo lakini kimya.